Chupa ya Mwezi wa Saba

Mama hakuwa mtu wa barua,
lakini kila chupa aliiandikia tarehe,
kwa herufi za kuegemeana, juu ya plasta ya kidonda:
nazi, Rajabu tisa; ufuta, baada ya mvua.
Duka letu lilikuwa dirisha tu,
Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
na mafuta hayakukaa dirishani.
"Jua ni mteja asiyelipa," alisema,
"anaonja kila siku, wewe unabaki na harufu."

Yakae chini ya kitanda, ndani ya kasha la majani ya chai.
Chupa ioshwe, ikauke siku mbili kichwa chini,
maana tone la maji lina subira ya mwizi.
Jaza mpaka shingoni.
Hewa ukiipa chumba italeta na jamaa zake.
Na mapya, mwanangu,
usiyamimine juu ya yale ya zamani.
Hilo alilisema mara mbili,
mara ya pili akimtazama baba
anayepiga pasi shati la kwenda kuolea Pongwe.

Nilifundishwa kwa pua.
Nazi njema hunukia shata linaloingia ukahawia,
kabla kidogo ya kuungua.
Ufuta hunukia chungu kikavu.
Alizeti hainukii kitu, ndiyo maana hakuiamini.
Na yaliyochacha yananuka rangi ya mlango,
mlango uliopakwa jana
katika nyumba ambayo hukukaribishwa.

Hidaya alipoolewa Lushoto
tulimpelekea lita mbili kwa basi.
Ulikuwa wakati wa kipupwe. Wiki haijaisha akapiga simu, analia:
yamekuwa meupe, magumu kama mshumaa,
mume wangu kasema yamekufa.
Mama akacheka hadi akakohoa.
"Yamelala. Yasogeze karibu na jiko, yataamka.
Kilichoganda hakijaoza, Hidaya.
Ogopa kinachong'aa, halafu ukikinusa unageuza uso."
Upande wa pili kimya, kimya kirefu,
hata tukajua
hakuwa amepiga kwa ajili ya mafuta peke yake.

Siku tuliyotoa kitanda cha marehemu uani
ilibaki chupa moja kashani.
Kizibo kimezibwa kwa nta. Plasta: nazi, mwezi wa saba.
Mwaka haukuandikwa.
Alisahau, yeye asiyesahau,
au hakutaka tuhesabu.

Nikaitunza miaka mitatu.
Giza lile lile, kasha lile lile, nta sikuigusa.
Nilijiambia, siku nitakayoifungua
ndiyo siku atakayoanza kuondoka.
Jana bintiye Hidaya, yuko likizo,
nywele zimekauka kwa baridi ya milimani,
akakaa kwenye mkeka, akaniachia kichwa chake magotini.
Nikaivunja nta.

Rangi ya mlango.

Nikanusa tena,
kama mtu anayerudia mstari wa barua
akidhani amekosea neno.
Ni yale yale.
Kumbe shingoni palikuwa na nafasi, upana wa vidole viwili,
mkono wake wa mwisho haukufika juu,
na hewa hiyo kidogo aliyoifungia humo
ilitosha.

Mtoto nikamsuka kwa mafuta ya dukani.
Kisha nikashusha mbuzi ya nazi ukutani,
meno mekundu kwa kutu tangu siku ya matanga.
Yaliyochacha hayatupwi, alisema: kuna bawaba,
kuna kufuli, kuna mpini wa jembe.
Chuma hakina pua.
Nikachovya kitambaa, nikasugua jino baada ya jino,
chupa ikapungua, kutu ikahamia mikononi mwangu,
nikasuuza kwa majivu na maji ya moto.

Leo alfajiri nimenunua nazi kumi soko la Mgandini.
Meno yanakata. Tui liko motoni,
shata linaanza kubadilika,
mtoto anauliza kama linaliwa na sukari.
Nimekata plasta mapema, nimeibandika kwenye chupa tupu.
Nazi, nimeandika, na siku, na mwezi.
Na mwaka.