Bolti Iliyobaki

Subilaga ameketi juu ya gunia la viazi mlangoni,
khanga ya pili mabegani kwa baridi ya Uyole,
anauliza kama anayeuliza bei:
"Hivi injini hii, nani aliyeiunda?"

Nimelala chini ya pikapu, oili inanidondokea shingoni.
Jibu liliandikwa kwenye kibati, nambari na jina la kiwanda,
lakini kibati kililiwa na kutu
kabla sijajua kushika spana.

Basi namhesabia.
Bloku ilimiminwa ng'ambo, chuma kikiwa uji mwekundu,
na watu ambao hatutawaamkia kamwe.
Silinda hedi tuliing'oa kwenye gari lililopinduka Igawa;
dereva alipona, akaja kuiaga.
Pampu ilikuwa ya mashine ya kusaga kule Chimala.
Gasketi nimeikata kwa mkasi wa mama wa kushonea,
mama hajajua bado.
Pistoni ya tatu aliichonga Mahenge wa Makambako,
akaipuliza kama anayepoza chai,
akasema, "Hii itakuzika."

"Mimi nauliza aliyechora," anasema Subilaga.

Aliyechora.
Namwona: penseli kali, dirisha safi,
anaandika mzigo usizidi tani moja.
Tani moja! Hajawahi kuona lumbesa.
Hajui Isyonje asubuhi ya Julai,
dizeli imeganda kama samli,
mtoto anatumwa jikoni kuleta makaa
ayasogeze chini ya tumbo la injini, iamke.
Nilikuwa nikimcheka mtu huyo.

Mpaka nilipopima kuta za silinda.
Aliziacha nene kuliko haja,
unene wa ukucha, si zaidi,
ili zikilika, mtu mwingine apate pa kuchonga,
mara moja, labda mara mbili.
Nani alimwambia kwamba nitakuja?

Hilo sikumwambia Subilaga. Lilinikaa kooni.

Saa kumi jioni ikawaka, kwa jaribio la tatu.
Moshi mweusi, kisha wa kijivu, kisha hewa tu ikitetemeka.
Amelipa nusu kwa fedha, nusu kwa viazi,
viazi vyenyewe vina macho,
akaondoka akinung'unikia bei ya mbolea.

Ndipo Gwamaka akainua karai la petroli.
Bolti moja, ya spana kumi na mbili,
imeoshwa, inang'aa, haina kosa lolote.

Nimeigeuza kiganjani mpaka taa za barabara ya Tukuyu zimewaka.
Yule wa penseli anajua mahali pake.
Aliichora, akaipa kazi, akaipa jina.
Mimi nina kiganja tu.

"Dada, tumpigie simu?"
Ngoja, Gwamaka. Nyamaza kwanza.

Mbali, gia ya pili, inaukwea mlima wa Isyonje.
Ukisikiliza vizuri, chini kabisa ya mngurumo,
bado inasaga mahindi ya Chimala.