Nondo Zinazongoja

Bi Swabra, nimeziona tena asubuhi hii,
nondo zako nne juu ya dari,
zimenyooka kama mikono ya watoto wanaolijua jibu
na mwalimu hawatazami.
Umezifunga kamba ya nguo.
Umezivika makopo ya maziwa zisimchome mtu.
Kutu imeteremka ukutani, michirizi ya rangi ya hina,
na arusi yenyewe haijapigwa.

Usinune. Zangu nazo zilikuwa hivyo hivyo.
Shekuwe alizisimika mwaka aliolipwa malimbikizo yake,
akapiga kofi ukuta, akasema,
"Juu hapa atakaa Mwanamkuu akiolewa."
Mwanamkuu akaolewa Mombasa.
Shekuwe tukamzika Ijumaa, baada ya sala.
Nikakaa chini ya ahadi yake miaka kumi na mmoja,
nikianika juu yake mashuka.

Nilipotamka neno kujenga, shemeji yangu Bwanaheri
aliweka kikombe chini kahawa haijaisha.
"Utamweka mgeni juu ya kichwa chako?
Na dirisha lake litatazama wapi?"
Litatazama tangi la msikiti, nikamwambia, na mgomba wangu.
Ngazi itapita nje, upande wa kisima,
mlango wake na mlango wangu visijuane.

Pesa? Nilikuwa na bangili mbili
na zamu yangu ya upatu.
Karatasi za kaunti zilinichosha kuliko zege.
Fundi Lali akapima kwa ugwe,
punda wakaleta mchanga, mifuko miwili kila safari,
mmoja wao akatafuna leso yangu ya kushindia
na mwenyewe akanicheka badala ya kunilipa.
Sikujenga kasri, Bi Swabra.
Chumba, choo, jiko la kugeuka mtu mmoja.
Paa nikalibania, nikaweka mabati yaliyotumika;
masika ya kwanza yalinionyesha ujinga wangu, tone kwa tone.

Akaja Jumwa, na begi moja na redio.
Muuguzi, kwao Ganze.
Mwezi mzima alilala sakafuni kwa mwenzake huko Langoni.
Mji wetu huu una vitanda vya kila nakshi
kwa anayekuja wiki moja,
hauna godoro
kwa anayetuchoma sindano mwaka mzima.

Usiku wa kwanza nilisikia nyayo juu yangu
nikasema, Bwanaheri alijua.
Kiti kikiburutwa, moyo wangu ukiburutwa nacho.
Mwezi wa tatu wakampa zamu ya usiku,
nyumba ikanyamaza gu!
na mimi macho makavu hadi alfajiri,
nahesabu boriti, nangoja kusikia kufuli.

Basi usiniambie hapana nafasi.
Pita Mkomani uinue shingo:
waliotutangulia waliishiwa na ardhi
wakatundika chumba juu ya njia,
punda apite chini na mzigo wake,
bibi arusi alale juu na udi wake.
Wikio lile walilijenga katika kiwanja cha nani?
Hewa tu. Hewa na ukaidi.

Na mjukuu wako Twalib, nimemwona juzi,
amekodi Wiyoni chumba kisicho dirisha,
taa inawaka mchana, nusu ya mshahara inateketea.
Nawe juu yako jua limelala bure
kutoka ukuta mpaka ukuta,
halilipi hata senti.

Sikusukumi. Nyumba ni yako, na magoti ni yako,
na vumbi la saruji nalijua, linaingia hadi katika wali.
Ila kesho Lali anakuja kwangu kupaka rangi ngazi.
Sikumwita kwa ajili yako.
Nimemwambia tu asisahau ugwe,
na abebe ile ngazi yake ndefu.

Anua nguo mapema, Bi Swabra.