Nusu Saa, Njia ya Siyu

Tulitoka Pate kabla jua halijajua kuchoma,
mimi na Somoe, na punda wa kuazima,
kwenda Faza kwa miguu kupitia Siyu;
na ndani ya mkoba wake, kando ya tende,
kopo la vidonge vidogo kama meno ya mtoto.

Saa nne chupa zilikuwa zimekauka.
Tukafika kwenye jabia nyuma ya minazi,
mvua ya mwaka imelala humo, rangi ya chai ya mkandaa,
viluwiluwi vya mbu vikijikunja na kukunjuka.
Punda hakuuliza. Alitia mdomo, akanywa.

Mimi pia, mwaka jana, sikuuliza.
Nilikinga viganja, nikasema Bismillahi,
nikadhani Bismillahi ni chujio.
Siku tatu Siyu, mkekani kwa mtu nisiyemjua,
nikihesabu boriti kati ya safari moja ya chooni na nyingine,
na mama wa nyumba ile akinikorogea chumvi na sukari,
haniulizi mwana wa nani.

Basi leo sisemi kitu.
Somoe akakunja leso mara nne, akaifunga mdomoni mwa chupa,
maji yakapita kwa kusitasita,
yakaacha tope juu ya jina la leso, nisiweze kulisoma.
Yametakata?
Yametakata kwa jicho.
Akadondosha kidonge, kisha cha pili kwa ajili ya ule wekundu,
akatikisa, akalegeza kifuniko, akaipindua chupa kidogo
dawa iteremke hadi kwenye nyuzi za shingo,
pale mdomo wangu utakapogusa.
Nani angeikumbuka shingo ya chupa?

"Nusu saa," akasema.

Jamani, nusu saa!
Nimefunga Ramadhani thelathini na moja
na sijapata kuijua kiu kama hii,
kiu yenye maji mkononi.
Ramadhani angalau kuna adhana mbele yako.
Hapa kuna saa ya Somoe tu, kioo kina ufa,
mshale umenata kwenye tano.

Akapita kijana na panga, ametoka kuangua nazi.
"Mwangoja nani?"
"Twangoja maji."
Akaitazama chupa, imejaa pomoni,
akanitazama mimi,
akaenda zake akicheka mpaka njia ilipopinda.

Sisemi kila kitu kina dawa.
Kuna kisima mbele kilichoingiwa na bahari,
chumvi yake haijui moto wala kidonge.

Naishika chupa. Naiweka kivulini. Naishika tena.
"Ngoya kwanda," asema Somoe, hata macho hainui.
Bado dakika nne,
na punda, aliyekwisha kunywa zamani,
ananitazama.