Jiwe Jembamba

Argia Vatteroni alikuja karakanani siku ya nne ya msiba,
mkoba kwapani, karatasi imekunjwa mara nane.
"Andika hili. Chini ya jina lake. Basi."
ROMPISCATOLE.

Herufi kumi na mbili.
Marumaru aliyoweza kuilipia ilitosha saba kwa mstari.

Mvunja-masanduku, ndivyo linavyosema ukilifungua:
kitenzi kimeidaka nomino mkono, mtendaji hatajwi,
kama walivyo ndugu zake, mlamba-miguu na mharibu-karamu.
Sanduku lenyewe ni la heshima tu. Hapa Carrara
hata mtoto wa komunio ya kwanza anajua
kinachovunjwa si sanduku.

Nikachora kwa chaki: rom, pi, sca, to, le.
Silabi tano. Nikate wapi?
Nikajaribu ROMPIS juu, CATOLE chini.
Ivano, penseli sikioni, akanizaba kofi la kisogo:
"S haiiachi konsonanti inayoifuata, hata kaburini!"

Argia alikuwa amekalia jiwe la marehemu mwingine.
"Mnalisoma vibaya," akasema.
"Mnalisoma kama jina la mtakatifu."
Akasimama, akautazama mlango
kana kwamba Gualtiero ndiyo kwanza anaingia na matope yake,
akalitoa:

rompi
(hapo akavuta pumzi)
SCA
na zile mbili za mwisho zikaporomoka zenyewe,
kokoto nyuma ya jabali.

Maneno yetu mengi hukanyaga silabi ya pili toka mwisho.
Hili hukanyaga ya tatu, halafu linateleza.
Miaka arobaini na mmoja amelitelezesha hivyo
ngazini, jikoni, dirishani majirani wakisikia,
na wiki ile ya hospitali kwa sauti ya uzi,
mkazo pale pale.

Tukakata alipovuta pumzi.

Kasisi alinung'unika, akaenda zake.
Vumbi jeupe likatua kwenye kope za kila mtu.
Nikamuuliza, kama tunavyowauliza wajane wote,
tuache nafasi ya jina lake chini?

Akapitisha kidole ndani ya ile O,
bado ina joto la patasi.
"Kijana, hukwenda shule?
Neno hili halichagui mume wala mke.
Halijui umoja wala wingi.
Nikifika, ongeza mwaka tu."