Ofisi ya Tatu

Wakili wa kwanza alinikatiza kabla sijavua glovu.
"Miaka sabini na mbili. Mstaafu," alisema,
kama mtu anayebonyeza parachichi dukani
kisha analirudisha.
Wa pili sikumwona. Simu yake
iliniomba, kwa sauti tamu, nibonyeze tatu
ikiwa mgonjwa amefariki.
Nikabonyeza tatu. Nikapigiwa piano.

Sasa niko Cleveland, ghorofa ya tisa.
Nimetoka Ashtabula nikiendesha ndani ya theluji,
faili la Arvid kwenye kiti chake,
zito hata gari likalia, likalia,
mpaka nikalifunga mkanda.
Kurasa elfu moja mia moja na kumi na nne:
hospitali iliniuzia moja moja,
kana kwamba homa ile ilikuwa mali yao.

Bi. Zupancic hana haraka.
Miwani moja kichwani, nyingine puani,
analamba kidole, anageuza.
Ukurasa wa mia nne na tatu anasimama.
Kompyuta zilizimika usiku ule,
muuguzi wa zamu akaandika kwa mkono:
saa nane, *tumbo gumu kama ubao, daktari ameambiwa*;
saa tisa, *ameambiwa*;
saa kumi, *ameambiwa*,
na kalamu imekandamizwa hadi karatasi ikatoboka.
Hata kwenye nakala tundu linaonekana,
nukta nyeusi.
"Huyu," anasema wakili. "Tumtafute huyu."

Halafu: daktari alikuambia nini?

Alitoka, kofia ya upasuaji mkononi,
akasema lile neno.
Huku kwetu neno ni moja.
Ndilo tunalompa aliyefiwa,
ndilo tunalolitupa tukimkanyaga mtu benki.
Miezi kumi nimelala nalo, nikiligeuza
kama shati lililovuliwa ndani nje:
alikuwa ananipa pole
au alikuwa ananiomba samahani?
Pole hata mpita njia anayo.
Samahani ina mwenyewe.

Wakili anavua miwani ya puani.
"Lolote alilokusudia, katika jimbo hili
neno hilo haliingii mahakamani.
Linabaki mlangoni na miavuli."

Kisha masharti, bila sukari.
Theluthi ni yake tukishinda;
tukishindwa, hanidai.
Mabingwa wa kutoa ushahidi watalipwa kwa saa
kuliko Arvid alivyolipwa kwa wiki
enzi meli za madini zikipanga foleni bandarini.
Miaka mitatu, labda minne.
Watauliza alikuwa akinywa kiasi gani.
Watauliza kama tulilala chumba kimoja.

"Tulilala chumba kimoja," nikasema. "Alikoroma."
Akaliandika.

"Na wewe, Bi. Lehtola, unataka nini hasa?"
Nilikuwa nimejiandaa kusema haki.
Nikasema: nataka akae kitini, aapishwe,
aulizwe ni lipi kati ya yale mawili.
"Hilo siwezi kukuahidi," akasema,
na hapo ndipo nilipomwamini.

Nikatia saini mara sita. Pa saba
palitaka uhusiano wangu na marehemu;
nikaandika *mke*. Akasoma, akanyamaza,
hakunisahihisha.

Faili nimeliacha mezani kwake.
Njia nzima ya kurudi, theluji imekatika,
kiti kitupu pembeni,
na gari halikulia.