Dirisha la Tatu

Fomu ina kisanduku kimoja
kinachonitia haya kila jioni:
Miaka ya uzoefu, nchini hapa.
Tesfalem Habtezion, fundi umeme wa Keren,
miaka ishirini na miwili juu ya nguzo,
alichukua kalamu yangu akaandika sifuri.
Sifuri ya duara, safi,
kama ya mtoto anayewania alama ya mwandiko.

Nje, Winnipeg ilikuwa thelathini chini ya sifuri.
Hata baridi, niliwaza,
imepewa tarakimu kubwa kuliko yeye.

Karakana ya chuo iko chini, kando ya mtambo wa joto.
Mwalimu Kowalchuk ametandaza nyaya mezani:
huku mweusi ndio wenye moto,
mweupe ndio unaorudi nyumbani.
Kwao kahawia ndio unaouma, samawati mpole.
Mikono ya Tesfalem ikasita,
mara ya kwanza tangu alipokuwa mwanagenzi,
si kwa kutojua,
kwa kujua kwingine.

"Hii inaitwaje?"
Kimya. Koleo analo, jina lake
limekwama baina ya Kitigrinya na meno.
Nasrin, aliyesomesha fizikia kule Herat,
akamnong'oneza neno.
Naye akamwonyesha namna ya kumenya waya
bila kuijeruhi shaba.
Hapakuandikwa risiti.

Mwalimu, ambaye babu yake alishuka garimoshi mjini hapa
na msumeno, na maneno kumi tu,
alifuta swali ubaoni.
"Washeni taa kwanza.
Majina tutayatoa ikishawaka."

Ikawaka.

Mimi nilirudi dirishani kwangu.
Kando ya ile sifuri nikaandika kwa wino mwekundu:
*22, Keren. Nipigieni simu.*
Hawakupiga. Nikapiga mimi,
Jumanne, Alhamisi, Jumanne tena,
mpaka mtu wa kampuni akachoka na sauti yangu
akasema, haya, mlete tumwone.

Aprili, theluji ikiwa matope,
taa iliyo juu ya kichwa changu ilianza kupepesa.
Aliyekuja nayo ngazi alivaa koti la kampuni,
jina limetariziwa kifuani,
Tesfalem, lakini herufi moja imeruka.
"Naomba unishikie," akasema.
Nikashika ngazi kwa mikono miwili.
Nikamwambia, hiyo herufi isikusumbue,
ipo fomu ya kusahihisha majina.

Alicheka mpaka ngazi ikatetemeka.