Mikwaruzo Kumi na Moja

Nevruz alipiga magoti kando ya pikipiki
akiuzungushia chaki kila mkwaruzo:
mmoja kwenye tangi, miwili kwenye bomba la moshi,
taa ya nyuma, kioo, kanyagio,
hadi kumi na moja. "Tumeelewana?" Nikatia sahihi.
Pasipoti yangu, ya nchi nyingine, akaitupa kwenye droo
pamoja na bisibisi na nusu ya kitunguu.
"Breki ya mbele," akasema, "ibembeleze.
Usiikamate kama umemkamata mdaiwa wako."

Sikumwambia nilizaliwa upande wa pili wa mlima.
Nilimwacha anionyeshe njia kwa kidole
kama anavyowaonyesha Wajerumani.

Vlora ikabaki nyuma na majengo yake ya rangi ya samli.
Halafu msitu. Misonobari iliyolazwa na upepo
upande mmoja, kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.
Baridi ikapenya kwenye mikono ya shati.
Gia ya pili. Ya kwanza. Injini inalalama,
inapanda kwa kuombwa,
na wauza asali wameketi nyuma ya chupa zao,
wananipungia bila kutarajia nisimame.

Kileleni dunia ikaisha.
Sitii chumvi: lami ilikwenda mpaka ukingoni
na mbele yake hapakuwa na kitu ila bluu,
mita elfu moja chini, imetulia
kama shuka lililopigwa pasi.
Nikazima injini. Masikio yakavuma.
Hapa ndipo baba alipompumzisha nyumbu,
mafuta ya zeituni yakicheza ndani ya madebe,
na kila aliporudi tulimuuliza: mlima una kona ngapi?
Safari hii thelathini na nne. Safari ile arobaini.
Hakukubali hata siku moja kwamba alikosea.
Alisema mlima umebadilika.

Basi nami nikahesabu.
Moja: inamisha bega, tazama unakotaka kwenda,
si unakoogopa. Mbili. Tatu:
lori la saruji linakuja katikati ya barabara
kama bwana harusi. Nne. Handaki la zege la zama za woga,
mviringo kama kichwa kilichonyolewa,
na mbuzi amesimama juu yake.
Saba, au nane? Nikaanza kufurahi,
na nakiri, furaha ile haikuwa na adabu:
miaka kumi na tisa nasukuma vitanda hospitalini
katika mji tambarare, korido zilizonyooka,
na sasa mwili unalala kushoto, unaamka, unalala kulia,
goti linakaribia kuibusu lami,
nami nakwenda Himara, kwa wakili,
ambako kaka yangu Stavri ananisubiri na kalamu
tuiuze mizeituni ya baba huyohuyo.

Kona ya kumi na mbili, au ya kumi na tatu:
kinyesi cha mbuzi. Hapana ushujaa hapa.
Gurudumu la mbele liliteleza polepole,
kwa heshima karibu, nikalazwa chini
kama mtoto anayewekwa kitandani.

Mwanamke akatoka kwenye kibanda cha chai.
Eftali, nikaja kujua. Hakuuliza kama nimeumia.
Aliinua usukani upande wake, nami upande wangu,
akasema kitu kwa Kigiriki kuhusu mbuzi wa shemeji yake,
akanimwagia maji kwenye kiwiko,
akanitoza leki mia za chai.

Hesabu ilikuwa imepotea. Nikashuka bila namba.

Ya kalamu nitayasema siku nyingine.

Jioni Nevruz alipiga magoti tena, tochi mdomoni.
Kidole kikatembea: tisa, kumi, kumi na moja.
Kikasimama. Kikaupapasa ule mpya,
vumbi jeupe la mlima bado limo ndani.
"Na huu?"
"Huo wangu," nikasema, kwa lafudhi ya upande wa pili,
ambayo sikujua kama bado ninayo.
Akaitoa tochi mdomoni, akanimulika usoni.
Akataja bei. Ilikuwa bei ya mgeni.
Akakohoa, akaipunguza.
Kidogo.